Chokoleti Kumi na Mbili na Takataka Zake

Duka langu liko Bugarama, kwenye barabara inayokwenda geti la mgodi. Nauza zawadi: kadi, saa za ukutani, maua ya plastiki, fremu za picha, na msimu ukifika, chokoleti. Nasema msimu kwa sababu siku za kawaida hakuna mtu huku anayeingia dukani kuulizia chokoleti. Jua letu haliipendi. Lakini ikikaribia siku ya wapendanao, au Pasaka, au Krismasi, wanaume wazima waliotoka zamu, vumbi bado kwenye nyusi, wanajipanga mbele ya friji yangu kila mmoja akitaka boksi la moyo.

Boksi la moyo ni jekundu, kubwa kama sinia la kulia wali watu wawili. Nililiuza miaka mingi bila kulifikiria. Siku moja mteja alirudisha moja lililobonyea, nikaamua kulifungua mwenyewe nile vilivyomo nipumzike. Nikaanza kuvua. Nikavua nailoni ya nje, ile inayolia ukiigusa. Nikavua gamba la karatasi ngumu, halafu utepe, halafu kifuniko. Ndani kulikuwa na karatasi nene laini kama godoro la mtoto mchanga. Chini yake kulikuwa na trei ya plastiki yenye vishimo. Kila kishimo kilikuwa na kikaratasi kilichokunjwa kama sketi, na katika kila sketi chokoleti moja iliyovishwa karatasi ya dhahabu. Kulikuwa pia na kijitabu cha maelezo kwa lugha ambazo sidhani kama kuna mtu anazisoma kuanzia Geita hadi Shinyanga. Nilipomaliza, kaunta yote ilikuwa imefunikwa na maganda. Chokoleti zenyewe zilikuwa kumi na mbili. Niliziweka zote kwenye kiganja kimoja na nikafumba ngumi.

Nilicheka siku ile. Nilikusanya maganda nikayatupa kwenye shimo nyuma ya duka, pamoja na maboksi ya usafirishaji na mapovu meupe ya kukingia joto, nikarudi kazini. Shimo hilo tulikuwa tunalichoma kila Jumamosi. Karatasi inaungua. Plastiki inajikunja, inatoa moshi mweusi, na upepo ukija inaondoka zake kabla haijamalizika. Ilikokwenda sikuuliza.

Bwana afya wa kata alikuwa akipita mara kwa mara kukagua mifuko. Ile ya plastiki ilishakatazwa na sote tulikuwa tumehamia mifuko mbadala.

"Mama, mifuko ile huna?"

"Sina."

"Hata chini ya kaunta?"

"Angalia mwenyewe."

Alikuwa anainama, anachungulia, anaridhika, anaandika kitu kwenye daftari lake. Na muda wote huo alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya rundo la maboksi ya moyo, kila moja na plastiki ya kutosha kutengeneza mifuko mitano. Sikumkumbusha. Nami nilikuwa naitafuta riziki.

Mwezi mmoja hivi baada ya siku ya wapendanao, asubuhi, aliingia mzee jirani yetu akiwa na beseni mikononi. Huyu ni mfugaji, ng'ombe wake hupita nyuma ya maduka yetu kwenda lamboni kunywa maji. Nilikuwa na wateja wawili, walimu wa kike wanachagua kadi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. Aliliweka beseni juu ya kaunta, katikati ya kadi. "Hebu niangalizie. Haya ni ya kwako?"

Ndani ya beseni kulikuwa na donge. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, la rangi ya majivu, limesokotwa kama kamba iliyoloa, na linanuka tumbo la mnyama. Walimu walirudi nyuma wakiziba pua. Mzee alieleza polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, kwamba mtamba wake alivimba tumbo siku tatu, hali, hacheui. Jana alipoona anakufa akamwita mchinjaji amuwahi. Mchinjaji akapasua tumbo akakuta hili.

Akachukua kijiti na kulichokonoa donge. Utepe mwekundu ulitokea, mrefu, bado una rangi. Ikatokea kona ya trei yenye vishimo vitatu. Ikatokea karatasi ya dhahabu, na hiyo, amini usiamini, ilikuwa inang'aa.

Najua nilipaswa kusema pole. Kitu cha kwanza kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa hasira.

"Baba, ng'ombe wako anakula kila kitu! Hata kandambili anakula!"

"Kweli," akasema. "Kandambili imo pia." Akaigeuza kwa kijiti nikaiona, nusu ya soli ya bluu. "Lakini kandambili si ya kwako."

Walimu walicheka chinichini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Sijaja kudai kitu," mzee akasema. "Nimekuja uone." Akatoka. Beseni akaniachia.

Mume wangu alipokuja mchana nilimsimulia. Akasema takataka zimejaa mji mzima, kwa nini mzee aje kwangu tu. Nikamjibu kwamba duka la zawadi hapa ni langu tu, na utepe ule ni wa maboksi ninayouza mimi kila msimu. Akasema basi nisimwonyeshe beseni wakati anakula. Jioni ile nililifukia lile donge, nikaliosha beseni mara nne na kulipeleka kwa mwenyewe. Nilimkuta anawapa ndama maji. Nikamwambia, "Baba, pole sana. Pasaka hii sitauza boksi hata moja." Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha kesho.

Nilidhani kazi ilikuwa hiyo tu, kuamua. Kumbe kuamua kulikuwa rahisi kuliko yote.

Nilimpigia simu msambazaji wangu wa Mwanza. Nikamwambia nataka chokoleti tupu, za kupima kwa kilo, bila maboksi.

"Bila boksi?" akauliza. "Sasa mama, utauza nini?"

"Chokoleti."

"Mama, nisikilize mimi. Watu hawanunui chokoleti. Watu wananunua boksi. Chokoleti imewekwa humo ili boksi lisiwe tupu."

Tulibishana wiki nzima. Mwisho alikubali, akaniambia mzigo uko kwenye basi. Nilipoufungua nilikaa chini. Ndani ya kasha la povu kulikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko huo kulikuwa na mifuko midogo, kila robo kilo na wake, kila mmoja umezibwa kwa mashine, na katikati ya mifuko amejaza vipande vya plastiki yenye mapovu ya hewa, yale ambayo watoto hupasua kwa vidole. Nikampigia. Akajibu kwa fahari, "Nimekufungia vizuri isiharibike."

Hata hivyo nilikuwa na chokoleti. Sasa nilihitaji kitu cha kuziwekea. Jirani kwenye kibaraza changu kuna fundi cherehani, dada mmoja mchapakazi asiyependa maneno mengi. Nilimwomba anishonee vifuko vidogo kwa mabaki ya vitambaa. Nikamwambia angalau viwe na rangi ya sherehe, nyekundu ikiwezekana. Vitenge vilikuwa vimemwishia, akatumia nguo nyekundu iliyobaki kwenye mapazia ya kanisa fulani, na midomo ya vifuko akaifunga kwa uzi mweusi maana ndio uliokuwa kwenye mashine. Chokoleti nilizifunga kwanza kwenye karatasi ya kuokea keki, saba saba, zisishikane na nguo. Nilipovipanga kwenye friji nilivutiwa. Vilikuwa vidogo, vya duara, vyekundu. Hakuna trei wala dhahabu ya uongo. Nilijiona mtu mwenye akili.

Wateja hawakuvutiwa. Muuguzi mmoja alikigeuza kifuko huku na huku.

"Boksi lake liko wapi?"

"Hakina boksi, dada. Mfuko ndio huo."

"Nitatoaje zawadi haina boksi?"

"Unafungua, unakula."

"Sasa atajuaje kama ni zawadi?"

Swali hilo nililisikia mara nyingi wiki ile hadi nikawa nalijibu kabla halijaulizwa. Wengine waliondoka bila kuaga. Aliyenunua viwili, kwa sababu tu alikuwa amechelewa na anasafiri kesho yake, ni kijana anayeendesha malori makubwa ya mgodini. Alikuwa anakwenda Kagongwa kwa wazazi wa mchumba wake kujitambulisha. Mchele, sukari na vitenge vya mama mkwe alikuwa navyo tayari. Alitaka kitu kitamu kwa ajili ya binti na kwa ajili ya bibi yake. Nilimpa vifuko viwili nikamtakia heri.

Jumanne baada ya Pasaka alirudi. Macho mekundu, shati lile lile.

"Shikamoo, mama. Umeniua."

"Marahaba. Nimekuua vipi?"

Akasimulia. Alipokelewa vizuri, wakala, wakacheka. Ulipofika wakati wa zawadi akampa bibi kifuko chake kwa mikono miwili. Bibi hakukipokea. Shangazi wa binti akakitazama: nguo nyekundu, uzi mweusi, kimefungwa duara. Akakifungua kwa ncha ya kisu. Ndani akakuta karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi kitu cheusi kimelainika kwa joto, kinanata. Shangazi akasema neno moja tu, *bugota*. Dawa.

"Mama, walisimama wote. Baba mkubwa wake akaniuliza nimetumwa na mganga gani. Nikisema ni chokoleti wananiuliza chokoleti gani haina boksi."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, lakini nilivyotazama vifuko vilivyobaki kwenye friji niliviona kwa macho ya shangazi yule, na kweli, ungeweza kuvitundika mlangoni kwa mganga yeyote na asivishangae. Mimi ni mtu wa huku huku. Nimezaliwa nikiona nguo nyekundu na nyeusi zikifanya kazi gani. Nilikuwa nimeshughulika na tumbo la ng'ombe hadi nikasahau watu.

"Unataka nifanye nini, mwanangu?"

"Wamesema aliyeiuza aje. Aile mbele yao."

Nilikataa. Nikamwambia nina duka, nina joto, nina kichwa kinauma. Alisimama pale pale akiwa ameshika mlango wa friji kama mtu aliyeshika jeneza la ndugu. Keshoye nilifunga duka tukaenda kwa gari lake. Njia nzima tulikuwa nyuma ya malori, vumbi linaingia hata vioo vikiwa juu. Tulipita Kahama bila kusimama. Tulipoanza kuona mashine za kukoboa mpunga za Kagongwa, kijana akasema, "Mama, kula nyingi."

Walikuwa wamekaa kumi au zaidi sebuleni. Baba mkubwa kwenye kochi, shangazi kando yake amefunga mikono, binti mwenyewe mlangoni amejifuta machozi hivi karibuni, na bibi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Vifuko vyote viwili vilikuwa juu ya sahani ya bati katikati ya meza. Hakuna aliyekuwa ameketi karibu navyo.

Salamu zilichukua muda wake. Kisha baba mkubwa akasema, "Mama, sisi hatumtuhumu mtu. Tunataka kuona tu."

Nikafungua karatasi. Chokoleti zilikuwa zimeshayeyuka na kuganda tena, zimekuwa kitu kimoja, juu zina ukungu mweupe kama unga. Nilimsikia shangazi akivuta pumzi. Nikamega nikala. Nikamega tena. Kipande cha tatu kilininatia kwenye fizi na nilikuwa sijapewa maji. Vidole vyangu vyote vilikuwa kahawia. Watu kumi walikuwa wananitazama koo likipanda na kushuka, wanasubiri nianguke.

Sikuanguka. Nilijifuta, nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Ni kakao, maziwa na sukari. Wanangu wanakula hii. Nimefunga duka langu nimekuja hapa kula chokoleti iliyoharibika mbele ya wazee, ili kijana wa watu aoe. Nani mwingine anataka?"

Bibi akanyoosha kidole chake, si mkono, kidole kimoja. Binti akaenda kumchukulia kipande kidogo. Bibi akakilamba, akatulia, akakiingiza chote mdomoni. Meno hana mengi. Tulisubiri.

"Tamu," akasema. "Halafu chungu." Akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Sasa mayu, kitu kizuri hivi kwa nini ulikifunga kama cha mganga?"

Nikawasimulia habari ya mtamba. Nilipofika kwenye donge, baba mkubwa aliinama mbele. Kumbe naye alishapoteza ng'ombe wawili, na mmoja walipompasua walimkuta na kamba za plastiki za magunia ya mchele. Tukaanza kuzungumza kama watu. Chakula kikaletwa. Kijana akakaa vizuri kwenye kiti kwa mara ya kwanza.

Shangazi peke yake hakulegea. "Yote sawa," akasema wakati nanawa mikono. "Lakini angeleta kwenye boksi lake, haya yote yasingetokea."

Ningeweza kumpiga kwa sahani. Bibi ndiye aliyejibu kwa niaba yangu.

"Boksi la nini? Boksi unatupa. Kitu cha kula kinawekwa kwenye chombo. Chombo kinabaki. Mtu akinywea uji anakumbuka aliyemletea."

Alisema hivyo tu kisha akaomba kipande kingine. Mimi njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza vyombo.

Krismasi ile niliuza chokoleti kwenye vikombe vya bati, vile vya maua na vya bluu vyenye ukingo mweusi, ambavyo kila nyumba huku inavijua. Chokoleti nane ndani ya kikombe, juu yake kipande cha karatasi kimefungwa kwa kamba ya mkonge. Msambazaji nilimpelekea ndoo zangu mbili zenye vifuniko na nikamwambia chokoleti ziingie humo, na akiweka nailoni hata moja mzigo unarudi Mwanza. Aliweka moja, chini kabisa. Nilimpigia simu nikamsema hadi akaomba radhi kwa jina la mama yake.

Vikombe vilitoka. Sisemi vilitoka kama maboksi, lakini vilitoka. Walimu walinunua, mafundi wa mgodini walinunua, mwanamke mmoja wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa, Hajati wa watu, alinunua sita kwa ajili ya majirani zake Wakristo, akaagiza vingine kwa ajili ya Idi. Shida haikuisha, ilibadilika sura tu. Walikuja watu watatu wa kamati ya sherehe ya idara moja pale mgodini, wanataka vikombe sitini. Nilifurahi nikavuta viti.

"Ila kila kikombe kiwe na boksi lake," akasema mwenyekiti.

"La nini?"

"La kuwekea kikombe."

"Kikombe ndicho boksi."

Wakatazamana. Mwenyekiti akajaribu kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Basi angalau nailoni, mama. Ile inayong'aa. Na utepe juu."

"Hakuna nailoni. Hakuna utepe."

"Sasa mtu atajuaje kama ni zawadi?"

Nilifumba macho. Nilihesabu hadi nikafika mbali. Nilipofumbua bado walikuwepo, nikawaambia, "Utamkabidhi mkononi, utamwambia: hii ni zawadi yako, Krismasi njema. Kiswahili kinatosha." Waliondoka wamekasirika. Siku mbili baadaye mmoja wao, mwanamama aliyekuwa hajasema neno siku ile, alirudi akachukua sitini kama vilivyo. Akaniambia walikwenda kutafuta Kahama, maboksi waliyoyakuta yalikuwa makubwa na chokoleti ndani tano.

Shimo nyuma ya duka sasa halijai. Tunalichoma mara moja moja, karatasi tu. Ningependa kusema hadithi imeishia hapo kwa amani. Januari iliyofuata kijana mmoja alipanga chumba cha tatu kutoka kwangu akafungua duka lake la zawadi. Wiki moja kabla ya siku ya wapendanao alishusha maboksi ya moyo, makubwa kuliko yale niliyokuwa nauza mimi, yana dirisha la plastiki mbele, na ndani pamoja na chokoleti kuna mdoli wa dubu aliyefungwa nailoni yake peke yake. Foleni ilifika hadi kwenye kibaraza changu.

Nilimfuata. Nilimweleza yote, tumbo la ng'ombe, utepe, Kagongwa. Alinisikiliza kwa heshima, mikono nyuma.

"Mama, nimekuelewa sana. Lakini si wewe uliyeacha? Wateja walikuwa wanahangaika."

"Walikuwa wanahangaika na nini? Chokoleti ninazo!"

"Wanataka boksi, mama."

Nikamwambia basi achimbe shimo refu, alifunike kwa bati na mawe juu, asiache mlango wazi kwa mifugo, na utepe aukate vipande vifupi kabla ya kuutupa. Akasema atafanya. Sikumwamini sana, nikaenda mwenyewe nyuma kumwonyesha mahali pa kuchimba, nikasimama juani hadi mchimbaji alipofika kiunoni.

Niliporudi dukani nilimkuta mama mmoja ananisubiri mlangoni. Akauliza kama vikombe vya bluu bado vipo. Nikamwambia vipo, na kabla hajafungua mdomo tena nikamwambia havina boksi.